Majivu Juu ya Lengalenga

Mwaka wa elfu mbili, baada ya ile vita ya siku sita mjini Kisangani, barabara ya Masako ilikuwa ya askari, raia hawapiti. Shamba la Koko Kahambu likabaki huko peke yake, mihogo ikiliwa na nguruwe wa pori. Kwake mjini alibaki na kiwanja nyuma ya jiko, upana wa mikeka mitatu, na watu wanne wa kulisha.

Yeye alitaka kupanda mboga za lengalenga kwa udongo, kama siku zote. Mjukuu wake Wivine, aliyekuwa akisomea kilimo mpaka vita ikafunga shule, alitaka kuchimba shimo, kutandika turubai na kufuga tilapia. Kando yake sanduku la changarawe, mboga zinywe maji ya samaki.

"Bila udongo?" Kahambu akacheka. "Bon, na wewe utazaa bila tumbo?"

"Koko, mavi ya samaki ndiyo mbolea. Unipe miezi mbili. Ikikataa, ninafukia shimo, unapanda."

Asubuhi na jioni Wivine alichota maji ya shimo, akayamwaga kwenye changarawe, yakachujika na kurudi shimoni. Wiki ya tano lengalenga zikafika magotini. Kahambu akawa anapitapita pale, mikono mgongoni.

Siku moja aliona wadudu wametoboa majani. Wivine alikuwa sokoni. Kahambu akafanya alivyofundishwa na mama yake: akazoa majivu jikoni, akanyunyiza bila ubahili, kisha akachota maji ya shimo, akayamwaga juu yake, asaidie kazi ya Wivine.

Wivine aliporudi, samaki walikuwa wanahema juu ya maji. Watatu wamekufa.

"Nani alitia majivu?"

"Mimi. Udongo haijanilalamikia hata siku moja!"

"Udongo inameza, Koko. Samaki iko inakunywa!"

Wakakumba maji mabaya, wakachota mapya kisimani, Kahambu ndoo kwa ndoo, kiuno kikimuuma. Jioni samaki waliobaki wakazama chini, wakaogelea.

Wivine akashika jembe, machozi karibu. "Basi nifukie?"

"Fukia nini? Mihogo ya Masako itangoja barabara ifunguke; hapa tunakula samaki na mboga." Kahambu akakaa kwenye kigoda, akaanza kutoa wadudu kwa vidole, jani kwa jani. "Shule ikifunguka utaenda. Alors, nionyeshe sawasawa: asubuhi ninamwaga ndoo ngapi?"