Pasipoti Iliyopigwa Pasi

Katika mtaa ule, aliyetaka kujua siri za watu hakuwa na haja ya kumuuliza mwenye duka wala kinyozi. Mifuko yote ilipita mikononi mwa Mama Pasi, dobi, ambaye hakutia nguo ya mteja majini kabla ya kuipekua. Alishakuta pete ya ndoa kwenye suruali, alishakuta barua ya mapenzi iliyoandikwa na mtu asiye mke wa mwenye shati, na mara moja alikuta meno ya bandia, seti nzima, yanamchekea. Kila kitu alikirudisha kimefungwa vizuri, na mdomo wake akaufunga vilevile. Ndiyo maana siku alipofua pasipoti ya mwanawe wa pekee, hakuna aliyeamini kuwa ni bahati mbaya.

Binti huyo alikuwa anasomea ualimu wa watoto viziwi, na chuo kilimchagua kwenda ng'ambo kwa masomo mafupi ya kiangazi. Wiki chache tu, kisha anarudi. Mtaa mzima ulifurahi isipokuwa mama mtu, aliyenuna waziwazi. "Kwani hapa viziwi wamekwisha?" aliwauliza waliokuja kumpa hongera. Tangu afiwe na mumewe walibaki wawili tu, mama na binti, na kitu alichokiogopa ni kurudi jioni akute nyumba kimya. Kwa kuwa alionea aibu kusema hivyo, alisema mengine yote.

Lakini mama ni mama. Safari ilipokaribia alilainika, na asubuhi moja alipoliona koti la safari kwenye kikapu cha nguo za nyumbani, alisema hili halifuliwi na mashine. Akalifua kwa mkono, taratibu, kola na vikwapa, huku akimwombea mwanawe kimoyomoyo. Alipofika kwenye kulisuuza ndipo vidole vyake vilipogusa kitu kigumu kwenye mfuko wa ndani.

Akaitoa pasipoti imevimba, inachuruzika. Kwa haraka akaikimbilia dawa pekee aliyoijua. Aliilaza katikati ya taulo mbili akaipiga pasi. Ukurasa wa plastiki ukajikunja, na alipoufunua, uso wa mwanawe pichani ulikuwa umezeeka ghafla, una makunyanzi kuliko wa bibi yake.

Hapo akaingia wifi yake bila hodi. Huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, matroni mstaafu wa bweni la wasichana. Kustaafu kulimwongezea muda bila kumpunguzia sauti. Akatazama taulo, akatazama pasipoti, kisha akamtazama mwenyewe.

"Wifi," alisema, "wewe unayekuta sindano kwenye mfuko wa mtu, leo kitabu kizima kimekupita?"

"Kimenipita."

"Na pasi nayo? Nayo imekupita?"

Mama Pasi akaizima pasi, akaifunika pasipoti kwa taulo. Kibaya zaidi, alipobaki peke yake alianza kujishuku. Miezi yote ile alisema hataki, hataki. Je, mikono yake ilimsikia ikaamua kumfanyia kazi? Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia.

Binti aliporudi alioneshwa. Hakupiga kelele. Aliigeuza pasipoti, akatazama viza iliyochujuka rangi, akasema, "Haya," akaingia chumbani kwake. Heri angetukana.

Wakati wa chakula walikaa mezani, kila mmoja anachezea sahani yake.

"Mwanangu," Mama Pasi alisema, "shangazi yako anasema nimekusudia. Nakuapia, sikukusudia."

"Najua, mama."

"Unajuaje?"

Binti akaanza kulia. "Kwa sababu mimi ndiye niliyeiweka mle mfukoni. Nilijua utapekua. Nilitaka uikute, uifiche, useme siendi. Nisingebisha hata kidogo."

Mama Pasi aliweka kijiko chini. "Na siku zote hizo ulivyokuwa unaimba safari, safari?"

"Naogopa, mama. Sijawahi kulala nyumba ambayo wewe humo. Watu wote wamefurahi, sasa nimwambie nani? Nikaona wewe peke yako ndiye hutaki niende."

"Sikupekua," mama alisema polepole. "Kikapu cha nyumbani sijawahi kukipekua. Wewe ndiye hutoa vitu mifukoni kabla ya kutia nguo, tangu ukiwa mdogo. Nilijua hakuna kitu."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amemtegemea mwenzake, na koti likaingia majini na pasipoti yake.

Sasa Mama Pasi alikuwa na alichokitaka kiganjani. Maneno mawili tu, basi kaa, na nyumba isingekuwa kimya hata siku moja. Alitamani kuyasema, tusimsingizie utakatifu. Lakini aliona mikono ya binti inachezacheza pembeni ya sahani, inasema kwa ishara kama ilivyozoea kila akiwa na jambo zito.

"Hiyo mikono inasema nini?"

Binti aliitazama kama si yake. "Inasema natamani. Naogopa na natamani, vyote."

Mama Pasi alivuta pumzi. "Kuogopa si ugonjwa. Kesho asubuhi tunakwenda ofisi ya pasipoti."

"Tutawaambia nini?"

"Kwamba mama yako ni dobi mbovu."

Na ndivyo alivyosema, mwenyewe, kwa kinywa chake. Ofisa aliishika ile pasipoti kwa ncha za vidole, akawaita wenzake waje waone, na dobi asiyewahi kupoteza kifungo cha mtu akasimama akichekwa. "Ndiyo, nimefua mimi," alisema. "Na pasi nimepiga mimi." Wakahangaika huku na huku, njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka pasipoti mpya ikapatikana na viza ikagongwa tena.

Mtaani wifi alikuwa ameshamaliza kutangaza. Wateja walianza kupekua mifuko yao wenyewe mbele ya Mama Pasi kabla ya kumkabidhi nguo, na hilo lilimuuma kuliko kicheko cha ofisini. Binti alitaka kwenda kumweleza shangazi ukweli. Mama akamkataza.

"Ukisema, watakuaga kwa kukuonea huruma. Nataka wakuage kwa furaha."

"Na wewe je?"

"Mimi nina sabuni, nitajisafisha taratibu."

Asubuhi ya safari majirani walijaa mlangoni. Binti alimkumbatia mama yake, asitake kumwachia, na mama ndiye aliyemtoa mikono shingoni, akamwingiza garini, akafunga mlango. Wifi alisimama kando yake, amekunja mikono kifuani kama yuko gwarideni bwenini. Gari lilipokata kona alimgeukia.

"Mbinu zako zote, na mtoto amekwenda," alisema. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, wifi."

Mama Pasi aliitazama kona ile tupu.

"Nimekubali," alisema.