Kwetu Tunasemaka kwa Nguvu

Mimi Honorine sikuzaliwa na wazimu, nilizaliwa kando ya maporomoko ya Wagenia. Bwana yangu Constant alisema ni kitu kimoja.

Kwetu maji yananguruma mchana na usiku. Ukitaka chumvi, unapiga kelele. Ukitaka kubembeleza mutoto, kelele pia. Papa yangu Basile, akiwa juu ya miti ya kutegea vikapu vya samaki, anakusalimia wewe uko ng'ambo, na unasikia yote. Donc sisi wote tunasemaka kwa nguvu, hata mbali na maji.

Constant hakupandisha sauti hata siku moja. Watu walinipongeza: "Honorine, umepata mutu ya upole!" Upole gani! Kwa ile sauti ya chini alininyang'anya telefone, akatia mulango kufuli, akanikataza kufika kwetu. "Ni kwa faida yako, chérie." Nikakataa, tena kwa sauti ya kwetu, avenue nzima ikasikia. Bon, ndipo akanipeleka kwenye hospitali ya wagonjwa wa kichwa.

Docteur Ruffin, kijana mugeni kutoka Lubumbashi, aliniuliza: "Mama, munajisikia aje?"

"NIKO MUZIMA!" nikajibu.

Akashtuka. Constant akanong'ona: "Munaona, docteur? Iko hivi kila siku."

Wee! Kadiri nilivyojitetea ndivyo ugonjwa ulivyozidi. Wakanipa vidonge, nikalala kama gogo. Nilipoamka nililia. Niliogopa kwamba nitazeekea mule ndani, na Constant anatembea mujini na funguo mufukoni.

Mungu si Athumani. Rosine, infirmière wa kutugawia vidonge pale, ananunuaka samaki kwetu. Yeye ndiye alimwambia papa niko wapi, maana Constant alikuwa amewadanganya kwamba niko Yangambi kwa kazi.

Jumapili, kisha misa, papa akaja na dada yake, tantine Marthe, wamebeba liboke, samaki ya kufungwa ndani ya majani.

"HONORINE! UNAKULA VIZURI?" papa akaita toka getini.

"NIMEKONDA, PAPA!"

"MASKINI YA MUNGU!" tantine akaitikia.

Docteur Ruffin akatoka mbio, sindano mukononi. "Nani amepata crise ya wazimu?"

"HAKUNA CRISE, TUNASALIMIANA!"

Rosine alicheka mpaka akashika ukuta. Docteur alitutazama mumoja mumoja, akaficha sindano mufukoni. Kisha akaniita kando, kwa mara ya kwanza bila Constant, akauliza: "Mama, nyumbani kulitokea nini?" Nikamwambia kila kitu, kufuli na telefone. Akasikiliza mpaka mwisho, ijapokuwa alikuwa amefunika sikio moja. Jioni ile akaniruhusu, nikaondoka na papa.

Kesho yake Constant akaja kwetu na shati ya pasi, akasimama juu ya mawe kando ya maporomoko. Mimi nilikuwa naparua samaki. Midomo yake ikacheza. Nilijua anasema nini: twende nyumbani. Zamani, kwa neno lile, magoti yangu yalikuwa yanainuka yenyewe.

"UNASEMA NINI?" papa akauliza.

Midomo ikacheza tena. Maji yakanguruma.

"PANDISHA, MUKWE!" tantine Marthe akamwambia, mukono sikioni.

Hakujua kupandisha, masikini. Akanitazama mimi, anangoja nisimame.

"SISIKII!" nikamwambia, nikachukua samaki mwingine.