Msalaba wa Clifford

Haya niliambiwa na mjukuu wangu Chelangat, Jumapili iliyopita, tukichambua maharagwe. Yeye huchapa kwenye saiba, duka la kompyuta, huko Kericho mjini, na tangu aingie nyumbani alikuwa hajacheka.

Alhamisi walikuja watu wawili kuchapisha programu ya mazishi. Mmoja ni Akello, mama aliyechuma majani chai miaka mingi. Mumewe, Eliakim, ndiye amefariki. Wa pili ni Owino, ndugu ya marehemu. Chelangat akaandika majina ya watoto: Clifford na Maxine. Sasa, kwa programu za huku, mtoto aliyetangulia kufa huwekewa msalaba mdogo kando ya jina.

"Weka msalaba hapo kwa Clifford," Owino akasema.

"Shemeji, nani amekuonyesha kaburi lake?" Akello akauliza.

"Miaka tisa, simu hakuna. Nimemtafuta mpaka mochari. Jumamosi watu watauliza kifungua mimba wa Eliakim yuko wapi, niwaambie nini? Afadhali waseme amekufa kuliko waseme alikataa kumzika babake."

"Waache waseme. Mimi nitamlilia siku nitaona mwili."

Msalaba haupo kwa kibodi, lakini Chelangat anajua njia: unashikilia kitufe kimoja, unapiga tarakimu nne, unatokea. Ameutoa mara nyingi. Akamwangalia yule mama. Mama hakuwa akitazama skrini. Alikuwa akitazama vidole vya Chelangat.

"Mzee, hii mashine haina msalaba. Angalia mwenyewe."

Owino akainama, akatafuta kitufe kwa kitufe. "Na huu hapa?"

"Hiyo ni ya kujumlisha, mzee. Watu watadhani tunafanya hesabu."

Akello akashusha pumzi. Nakala mia mbili zikatoka safi.

Ndipo Owino akachomoa biki mfukoni. "Kama mashine haina, mkono uko." Akachora wa kwanza, wa pili. Kwa ule wa tatu biki ikateleza, wino ukaburuta mpaka kwa jina la Maxine. Akamwekea Chelangat biki mbele yake.

"Malizia, binti yangu. Huyo kijana mimi ndiye nilimfundisha baiskeli." Akatoka, akasimama nje kwa mvua.

"Si ungekataa?" nikamuuliza mjukuu wangu.

"Kogo, ningekataa vipi? Ningesema pia mkono hauna msalaba?"

Akachora. Akello alikaa kwa benchi, midomo ikihesabu kila msalaba, macho mekundu. Tangu mumewe afe hakuwa amefumba jicho. Ilipobaki nakala moja, Chelangat akaweka biki chini, akampa hiyo karatasi ilivyo.

Akello akaikunja ndogo, akaitia kifuani. "Hii hakuna mtu ataigusa?"

"Hakuna, mama."

Ndipo akaegemeza kichwa ukutani, pale pale kwa benchi, akalala.