Mayai ya Maji ya Kioo

Mwaka 1947, majuma machache kabla ya mavuno, kuku wa Misikhu waligoma kutaga. Nakhungu peke yake ndiye aliyeleta sokoni kikapu kizima cha mayai.

"Shemeji, kuku wako wanatagia wapi, mbinguni?" aliuliza Wanjala, mkuu wa soko, nduguye mumewe.

"Yalitagwa Januari."

Watu wakacheka, kisha wakarudi nyuma. Wanjala hakucheka.

"Ati Januari? Mwaga shimoni. Na usirudi kuuza hapa."

Nakhungu hakusogea. Alikuwa amempikia mzungu mmoja Kitale miaka sita, na huko ndiko alikojifunza maji ya kioo, mazito kama asali, yale ambayo Hamdun fundi wa sabuni hutia kwenye sabuni ili iwe ngumu. Kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Humo unatumbukiza mayai mapya, ambayo hayajaoshwa, na vitundu vya ganda vinazibika. Uozo unakosa mlango.

Alieleza hayo yote, taratibu. Wanjala akageukia watu.

"Mmesikia? Maji ya sabuni! Kula moja basi, tuone."

Kicheko kikavuma, maana kwa mila mwanamke wa Kibukusu hali yai. Miaka yote sita Nakhungu aliwakaangia wengine, wala hakuwahi kulamba kijiko.

"Kula wewe, shemeji. Wewe si mwanamume?"

"Mimi? Niko na watoto, bana."

Nakhungu akachagua yai, akaenda kwenye jiko la Dinah muuza chai. Akalitoboa kwa mwiba upande wake butu, kwa sababu ganda lililozibwa hupasuka motoni, akalitia kwenye sufuria. Soko zima likasubiri. Alipolimenya, lilikuwa jeupe, na kiini cha manjano safi.

Akaliuma.

"Hutazaa tena!" Wanjala akapiga kelele.

"Ninao watano, wananitosha." Alitafuna polepole, macho kwa shemejiye, hadi likaisha. "Kumbe hiki ndicho mlichokuwa mnatuficha."

"Nitakupeleka kwa wazee!"

"Twende. Nitawabebea mayai." Akaketi tena nyuma ya kikapu chake. "Lakini shimoni simwagi hata moja."

Dinah akafuta mikono kwa leso, akaja.

"Nipatie moja."

"La bwanako?"

Dinah akajichagulia moja. Kisha akainama, anatafuta mwiba.