Laptopu Bubu

Shemeji aliingia karakanani saa nne asubuhi bila kubisha, kama alivyozoea tangu mwenye karakana azikwe. Kwapani alibana mfuko mweusi, na usoni alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi ambayo hakutumwa.

"Nimekuja na mali," akasema.

Mshona makochi alikuwa amepiga magoti, stepla mkononi, akivuta kitambaa cha kiti cha ofisi kwenye pembe, pale ambapo ukilegeza mkono kidogo tu kitambaa kinakunja uso. Uzi alikuwa ameuuma kwa meno. Alipiga pini tatu kwanza, ndipo akautoa uzi mdomoni.

"Mali gani, shemeji?"

"Laptopu ya mtoto."

Mkono wenye stepla ukabaki hewani. Walikuwa wamekubaliana Jumamosi. Jumamosi yeye na binti yake wangevuka barabara mpaka dukani, wachague wenyewe, wabonyeze, waulize, wakatae, waulize tena. Binti alikuwa ameandika karatasi nzima. Mama mtu hakuelewa nusu ya yaliyomo, lakini aliyakariri kama anavyokariri vipimo vya kochi la mteja: chaji ya kukaa kutwa, kioo kisichoumiza macho, nafasi ya kutosha, sauti safi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za mtu anayeomba radhi, binti aliandika: na iweze kuonyesha filamu vizuri. Mama alipousoma mstari huo alichukua kalamu akaupigia mistari miwili.

Alijua kwa nini. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa vichekesho. Jumapili yeye na binti walikaa mbele ya televisheni wakacheka mpaka mmoja alale chini. Televisheni iliuzwa siku za hospitali. Tangu hapo nyumba ilikuwa na mlio wa cherehani na mlio wa stepla, basi.

Fedha za laptopu zilitokana na viti vya ukumbi mmoja, kazi ya miezi miwili, mama akishona na binti akikata sponji. Shemeji ndiye aliyesema azitunze yeye. "Hawa wa madukani wakimwona mwanamke wanamuuzia mbuzi kwenye gunia," alisema. Naye mshona makochi, akiwa bado na uzito wa msiba kichwani, akampa. Kosa hilo alilijua siku ile ile, ila alilimeza.

Mtaani shemeji walimwita Kengele. Alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na mitatu, na hata baada ya kustaafu aliongea kama anayepanga watu mstari. Kule shuleni kwake aliwahi kupigilia misumari madirisha yote yanayotazama barabara ili wanafunzi wasihesabu magari. Walifaulu, alipenda kusimulia. Walivyotoka jasho hakusimulia.

Binti alitokea chumba cha nyuma, nywele zimejaa vumbi la sponji.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Njoo upokee elimu. Ni hiyo hiyo ya kwenye karatasi yako, sikukosea hata nukta."

Ikafunguliwa juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa ile ile kweli. Kioo kikawaka, na uso wa binti ukawaka nacho. Hasira ya mshona makochi ikaanza kushuka. Akajiambia, pengine namwonea mzee wa watu. Jumamosi au leo, kitu si ndicho hiki?

"Ngoja nijaribu somo la mfano," binti akasema. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Wiki nne za kwanza masomo yangekuwa kwa mtandao, kuanzia Jumatatu, na chuo kilituma somo moja mapema wanafunzi wapime vifaa vyao. Kwenye kioo akatokea muuguzi mnene mwenye miwani, akaweka kipimo cha kusikilizia juu ya kifua cha mgonjwa. Midomo yake ikacheza.

Kimya.

Binti akapandisha sauti. Kimya. Akapandisha mpaka mwisho. Muuguzi akaendelea kufungua na kufunga mdomo kama samaki. Binti akatoa spika zake za masikioni, akatafuta tundu, na pini haikuingia. Akainama kutazama.

"Mama, hapa kuna gundi."

Mshona makochi akaichukua, akaipindua. Kazi yake ilikuwa imemfundisha jambo moja: kitu kilichofunguliwa hakijifichi. Wateja wamemletea makochi ya dukani wakiapa kwamba ni mapya, naye kwa kidole tu hugusa pini ya pili iliyopigwa kando ya tundu la pini ya kwanza, akifungua anakuta matambara mahali pa sponji. Alipitisha kidole kwenye skrubu za laptopu. Moja, mbili, tatu, vichwa vyote vimechunwa na bisibisi. Na kile kibandiko cha dhamana kilikuwa kimepasuliwa katikati.

"Nani ameifungua hii?"

"Ah," shemeji akasema, akatabasamu. "Una jicho. Nilimwambia fundi wa pale dukani atoe spika. Na kamera. Tundu alizibe. Sasa ni laptopu ya masomo tupu. Atasoma, ataandika, basi. Hakuna sinema, hakuna muziki, hakuna kupigiana simu za nyuso na vijana wasio na kazi."

Stepla ilianguka chini, na haijulikani kama iliponyoka au ilitupwa.

"Umenunua kitu kizima," mshona makochi akasema polepole, "ukamlipa mtu akiharibu?"

"Nimekisafisha."

"Shemeji, wewe ukinunua ng'ombe wa maziwa unamkata chuchu asije akamwaga?"

Binti akaziba mdomo. Shemeji hakucheka.

"Usinifanyie mzaha mbele ya mtoto. Nimeona wasichana wangapi wakipotea kwa vioo hivi? Baba yake hayupo. Mimi ndiye baba yake sasa."

"Baba mkubwa," binti akasema kwa adabu, "masomo yenyewe ni ya kusikiliza. Jumatatu tunaanza na sauti za moyo na za mapafu. Tutaulizwa tofauti."

"Kuna maandishi chini ya picha. Soma maandishi."

"Pumzi haiandikwi, baba mkubwa."

"Zamani tulisoma kwa kitabu na chaki na tukawa watu!"

Hapo ndipo maji yalipomfika mshona makochi shingoni. Aliikunja laptopu, akaibana kifuani, akatoka nje na aproni yake, mkasi mkubwa ukiwa bado umening'inia kiunoni. Alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Dereva mmoja akapiga honi, akauona ule mkasi, akaacha. Binti nyuma yake, na shemeji nyuma ya binti, akiita, "Shemeji! Shemeji, tusiaibishane barabarani!"

Dukani fundi alikuwa kwenye meza yake nyuma ya kioo, mtu mzima mwenye kipara na taa ndogo kwenye paji la uso. Aliinua macho akaitambua laptopu kabla ya kumtambua mtu.

"Imerudi?"

"Imerudi. Rudisha vyote ulivyotoa."

"Mama, taratibu. Mimi nilifanya nilivyoambiwa. Hata nilimwambia mzee hii ni dhambi. Akaniambia nizime na ile ya kuunganisha spika za masikioni bila waya. Miaka kumi na saba niko hapa, watu wanakuja spika zimekufa niwafufulie. Huyu ni wa kwanza kuniletea nzima niiue."

"Na ukaiua."

"Si alisema wewe ndiye uliyetaka?"

Mshona makochi akageuka. Shemeji alikuwa amefika mlangoni, anahema.

"Alisema nini?"

Fundi akatazama mmoja, akatazama mwingine, akaona amekanyaga pabaya, lakini alikuwa ameshakanyaga. "Alisema mama wa mtoto ndiye ametuma. Kwamba yeye hana neno, anatimiza tu. Nikasema sawa, mwenye mtoto akisema, mimi nani?"

Kuna hasira inayopiga kelele, na kuna ile inayofanya mikono iwe baridi. Mshona makochi alisikia vidole vyake vikipoa mmoja mmoja. Miezi minane tangu msiba alikuwa akisemewa na shemeji. Alisemewa kwenye kikao cha mazishi, alisemewa kwa mwenye nyumba, alisemewa kwa wateja, "shemeji yangu hajisikii vizuri, ongeeni na mimi." Alidhani ni msaada. Sasa aliambiwa kwamba kinywa chake kilikuwa kikitumika hata kumharibia mtoto wake kitu.

"Fundi, spika na kamera ziko wapi?"

Fundi akavuta droo, akatoa bahasha. "Zipo. Situpi kitu mimi. Ila risiti ina jina la mzee, na aliniandikisha kwamba isifunguliwe bila yeye. Nikifungua akanishtaki kwa tajiri wangu, nitakula wapi? Mzee aseme neno moja tu. Nusu saa inatosha."

Wote wakamtazama shemeji. Akajinyoosha, akafunga kifungo cha koti.

"Sisemi. Leo mnanichukia, kesho mtanishukuru. Ndugu yangu angekuwa hai angefanya hivi hivi."

"Usimtaje," mshona makochi akasema.

"Ni ndugu yangu, nitamtaja."

"Basi tumtaje vizuri." Hakupaza sauti. Mteja mmoja aliyekuwa akichagua chaji akaacha kuchagua. "Wiki tatu ndugu yako alikuwa akivuta pumzi inasikika kama kitambaa kinachochanwa. Mimi nikasema twende hospitali. Nani alisema ni vumbi la mbao? Nani alisema mwanaume hakimbilii hospitali kwa kikohozi, kesho kitapita? Na mimi nikanyamaza, kwa sababu mwalimu mkuu amesema. Hilo ni langu, nitalibeba mpaka nife. Lakini tulipofika, yule daktari alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza mara moja tu. Mara moja, shemeji. Akaniuliza, mlikuwa wapi? Huyu mtoto alikuwa amesimama pale. Ndiyo maana anakwenda kusomea kusikiliza vifua vya watu. Na wewe umekwenda kuziba sikio lake kwa gundi."

Shemeji akakifungua tena kifungo cha koti.

"Na sauti za filamu?" akasema mwishoni, sauti yake ndogo. "Filamu nazo ni za hospitali?"

"Filamu ni za kucheka. Mwanangu atasoma na atacheka, vyote kwa laptopu hiyo hiyo. Nimemshonea viti miezi miwili. Sikushona viti nusu."

Shemeji akatazama sakafu, akatazama mlango. "Fanyeni mnavyotaka," akasema, akageuka kutoka.

"Mzee!" fundi akaita. "Hilo ni neno au si neno? Mimi nataka kusikia."

"Ni neno," shemeji akasema bila kugeuka.

"Na andika risiti mpya," mshona makochi akamwambia fundi. "Jina langu. Kuanzia leo ukitaka kujua nimesema nini, niulize mimi."

Fundi akawasha taa ya kipajini. Kazi haikuisha nusu saa, iliisha alasiri, kwa sababu spika ya kushoto waya wake ulikatika ilipotolewa. Fundi akasema moja inatosha, wengi hawajui hata tofauti. Mshona makochi akamjibu kwamba na yeye wateja wengi hawajui tofauti ya sponji na matambara, lakini bado anaweka sponji. Fundi akacheka, akauunga waya. Gundi ya kwenye tundu haikutoka yote. Dhamana ndiyo ilikuwa imekwenda, hairudi. Mshona makochi alirudi nyumbani na hasira yake yote, hakuipunguza hata kidogo, na usiku binti alipomwomba watazame kichekesho kimoja tu, alitazama amekunja uso mpaka mwisho. Binti alicheka peke yake. Mama alikuwa anasikiliza kile kicheko, si filamu.

Jumatatu binti aliweka laptopu kwenye meza ya kukatia, daftari kando. Mama yake akachagua kazi isiyo na kelele, kushona vifungo vya mgongo wa kochi kwa mkono. Yule muuguzi mnene alikuwa na sauti nzito, ya upole. Ukaja moyo mzima, du-dum, du-dum, ukajaza karakana. Ikaja pumzi ya mtu mzima wa afya, laini kama upepo kwenye pazia.

Kivuli kikaingia mlangoni. Shemeji, na koti lake. Akataka kupita.

Mshona makochi akainua kiganja.

"Mwanafunzi yuko darasani, shemeji. Subiri nje."

Mwalimu mkuu wa miaka ishirini na mitatu akasimama kizingitini. Akarudisha mguu nyuma, juani. Karakana ilikuwa imejaa viti mpaka ukutani, vipya na vya zamani, na mshona makochi hakumtolea hata kimoja.

"Sasa sikilizeni hii," muuguzi akasema. "Hii ni pumzi ya mapafu yenye ugonjwa. Mgonjwa huyu alichelewa."

Ikatoka. Ilikuwa ile ile. Kitambaa kinachanwa, kinasimama, kinachanwa tena. Sindano ikamchoma mshona makochi kidoleni, hakuitoa. Binti alikuwa ameacha kuandika, mgongo wake umekakamaa. Nje, viatu vya shemeji vilivyokuwa vikikwaruza changarawe viliacha kukwaruza.

Somo likataka kuendelea mbele.

"Irudishe hapo," mama akasema.

"Mama..."

"Irudishe, mwanangu. Uijue. Na upandishe sauti."