Mheshimiwa Hali Kisichokimbia

Usiku wa jana niliota nimeitwa kazini na samaki.

Barua yenyewe ilikuwa na mhuri. Ilisema nifike mapokezi saa mbili kamili asubuhi, nije na daftari langu na furu. Nikavaa sare, nikabeba ndoo, nikaenda. Barua ya mhuri huwezi kubishana nayo ukiwa umelala.

Nieleze kidogo, maana asiyemjua samaki huyu ataniona nimechanganyikiwa. Nafanya kazi mapokezi, nyumba ya wageni ya Bwana Chirangi, hapa Musoma. Pana tangi la kioo, na ndani yake yumo sangara mmoja, urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi vidole. Wageni wanamwita Mheshimiwa. Tangu aletwe alikuwa anakula furu walio hai tu, vile visamaki vidogo vya ziwani, na wageni husimama na soda zao kumtazama akimeza. Lakini hao furu walimletea maradhi. Mara mbili ametoka madoa meupe mwili mzima.

Mimi nasoma masomo ya jioni. Mwalimu wetu wa baiolojia alinipa maelekezo ya kumwachisha samaki wa namna hii vyakula hai na kumzoesha vya kutengenezwa, nikayanakili daftarini: mwache ashinde njaa siku mbili tatu, chezesha chakula kwa kijiti mpaka kionekane kina uhai, ukishaanza, usirudi nyuma. Nikasaga dagaa wakavu, nikachanganya na yai na unga, na chumvi kiasi kama ninavyotia kwenye chakula chochote, nikapika kwa mvuke, nikaanika vidonge kwenye ungo. Siku tatu Mheshimiwa aliviangalia vidonge vyangu kama mtu anayeangalia barua ya jirani.

Jana jioni Bwana Chirangi akanijia.

"Mama Nyangeta, shule imekupanda kichwani. Samaki anakufa huyu. Kesho asubuhi kama hajala, niletee yule furu wa mwisho, nimtie mwenyewe."

Furu wa mwisho nilimhamishia nyumbani, kwenye ndoo ya rangi. Mwanangu Nyangeta ana miaka miwili na nusu, na kila asubuhi huinama juu ya ndoo ile na kumwambia, "Shikamoo." Sasa mtoto nitamwambiaje kwamba mkubwa wake ameliwa? Nikaondoka kazini kwa haraka. Hata kijiti cha kulishia nilikiacha pale pale juu ya mfuniko wa tangi.

Haya. Kwenye ndoto nimeshafika mapokezi.

Chumba kimejaa maji mpaka darini, lakini hayalowanishi. Tangi ndilo kavu. Ndani yake amekaa Bwana Chirangi kwenye kiti cha plastiki, anafungua mdomo na kuufunga, sauti haitoki. Nyuma ya meza yangu yupo Mheshimiwa, amevaa miwani ya Bwana Chirangi, anapekua kitabu cha wageni.

"Wewe ndiye Mama Nyangeta?"

"Ndiye mimi."

"Unajua leo nina siku ngapi sijala?"

"Waulize wenyewe, wamekaa pale."

Kwenye benchi la wageni wamekaa wanawake watatu. Wa mwanzo mnene, ana chupa ya chai. Wa katikati anafuma kitambaa. Wa mwisho amekonda mpaka gauni linamzunguka, na tumbo lake linanguruma watu wote wanasikia. Ndio Siku ya Kwanza, Siku ya Pili na Siku ya Tatu.

"Sisi tumeitwa na daftari," Siku ya Kwanza anasema, anajimiminia chai. "Tumekuja, tumekaa. Yanayofuata hatuyajui."

"Siku ya Nne yuko wapi?" nauliza.

"Anafunga viatu."

Nataka kurudi mlangoni kumchungulia. Mlango hakuna. Ukuta hakuna. Nyuma yangu hakuna hata giza. Daftari linakohoa kwapani mwangu.

"Usirudi nyuma," linasema. "Uliandika mwenyewe, tena ukapigia mstari kwa kalamu nyekundu."

Basi napiga hatua mbele, na mapokezi yote yanafutika, nasimama kwenye uwanja wa shule tunakosomea jioni. Mheshimiwa amesimama kwenye mstari wa mwisho wa mbio, na filimbi mdomoni. Bwana Chirangi pia yupo, na tangi lake, limewekwa kwenye kivuli.

"Mimi sili kisichokimbia," Mheshimiwa anatangaza. "Wakimbie."

Kwenye mstari wa kuanzia wamepangwa vidonge vyangu sita, kila kimoja na namba kifuani. Filimbi inalia. Hakuna anayesogea.

Nainama. "Jamani, mbona hamuendi?"

Kidonge namba tatu kinaniangalia kwa upole. "Mama, mimi umenitia dagaa, yai na unga. Miguu hukunitia."

"Haikuandikwa kwenye maelekezo."

"Basi usinigombeze mbele za watu."

Upepo unapita. Kidonge namba tano kinabingirika mpaka katikati ya uwanja. Nashangilia peke yangu.

"Huyo amesukumwa," Mheshimiwa anasema.

"Na wewe umeletwa mjini ndani ya pipa," namjibu. "Nani hakusukumwa?"

Siku ya Pili anacheka mpaka anadondosha uzi. Mheshimiwa anaandika jambo kwenye kitabu cha wageni, nadhani ni jina langu.

Natoa kijiti. Kimo mkononi mwangu, sijui kimefikaje. Nakichoma kidonge namba tatu taratibu, nakiomba radhi, nakitikisatikisa hewani kama nilivyoelekezwa.

"Dada," kijiti kinasema, "mimi ni wa mishikaki. Kazi yangu ilikuwa kushika nyama, basi. Siku tatu hizi unanifanya niigize pumzi za mtu mwingine. Sijasomea."

"Hata mimi sijamaliza kusoma. Vumilia."

"Kiuno kinaniuma."

Napiga hatua nyingine, uwanja unafutika. Hapa ni ufukweni, na Shangazi Nyabise ameketi kwenye kigoda, sufuria ya shubiri mbele yake. Shangazi ni dada wa baba yangu na naishi naye. Ana brashi ya kupakia rangi. Ziwa zima limepanga foleni mbele yake: furu, mmoja mmoja, na yeye anampaka kila mmoja shubiri mgongoni.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Namwachisha huyo bwana samaki wako. Akionja uchungu mara moja, hawataki tena maisha yake yote."

"Furu wa ziwa lote?"

"Nilianza mapema." Anapaka. "Mwingine! Wewe binti, ulinikatalia kwa mtoto. Nikakuletea shubiri nzuri, ya kutoka shambani, nikakwambia paka titi, siku moja tu kazi imekwisha. Ukanipandishia mabega. Ukakaa unalia na mwanao siku tisa kama mliofiwa."

"Nililia naye, Shangazi. Lakini hakuniogopa hata siku moja."

Brashi inasimama. Foleni yote inasimama. Mheshimiwa, aliyekuwa anaelea pembeni akijifanya hasikii, anavua miwani.

"Siku tisa?"

"Tisa."

"Alikula nini?"

"Uji wa lishe. Siku ya kwanza aliutema ukutani, alama ipo mpaka leo. Siku ya tano akalamba kijiko akanirudishia. Siku ya tisa akakidai mwenyewe."

"Ulimwambia nini siku zote hizo?"

"Nilimwambia maziwa yamekwisha. Yalikuwa yamekwisha kweli."

Mheshimiwa anavaa miwani tena. Kisha mtu anabisha hodi, na mlango unatokea mbele yangu katikati ya mchanga. Anaingia Siku ya Nne. Viatu vyake vimefungwa vizuri sana. Nyuma yake, ndani ya tangi, Bwana Chirangi ameinua kipande cha boksi kilichoandikwa: MLETE.

"Muda umekwisha," Siku ya Nne anasema. "Ndoo."

Ndani ya ndoo furu anainua kichwa. Namsalimia bila kufikiri, kwa mazoea ya nyumbani. "Shikamoo."

"Marahaba," anajibu. Sauti nzito kuliko nilivyotarajia. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Amelala."

Mheshimiwa anafungua kinywa. Kinapanuka mpaka kuwa kikubwa kama ukumbi, na ndani yake yamepangwa mabenchi, na kwenye mabenchi wamekaa furu wote aliowahi kuwameza, kila mmoja na namba mkononi. Mmoja ana mwavuli. Wananigeukia.

"Mnasubiri nini?" nawauliza.

"Hatukuambiwa," anajibu mwenye mwavuli. "Tuliambiwa tu tukae."

Benchi la mbele lina nafasi moja. Imeandikwa kwa chaki: WA NDOO YA RANGI.

Bwana Chirangi anagonga kioo. Siku ya Nne ananyoosha mkono. Shangazi anasema, "Mpe yaishe, mwanangu, samaki si ndugu." Na kinywa kile kinasubiri, na mimi nina ndoo mkono mmoja na kijiti mkono mwingine.

Naiweka ndoo chini, nyuma yangu, pale ambapo hapana kitu. Inakaa.

"Nafasi hiyo haikaliwi," nasema.

"Nani amesema?" anauliza Siku ya Nne.

"Mimi. Mama Nyangeta, wa mapokezi."

Naingiza mkono kinywani mpaka kwapani, nakiweka kidonge namba tatu kwenye ile nafasi. Kinakaa vizuri. Kinanyoosha namba yake.

"Kichezeshe," Mheshimiwa anasema, kinywa wazi. "Kifanye kikimbie kidogo tu. Hata kwa heshima ya wageni."

Kijiti kinanitazama. Kiuno kinakiuma kweli.

"Sichezeshi tena," nasema. "Kimekufa. Dagaa wake wamekufa, yai lake limeiva, nimekipika mimi kwa mkono wangu. Hakikimbii na hakitakimbia kesho. Hicho ndicho chakula. Nitakuletea kila siku, na nitasimama hapa hapa mpaka siku ya tisa, na hao wageni wako wakae, na Bwana Chirangi na boksi lake."

Maji yote yanatulia. Natoa mkono, naacha kijiti tu, hakitikisiki.

Kinywa kinafungwa. *Krak.*

Mheshimiwa anatafuna. Anatafuna muda mrefu, macho yake yametazama juu, kama mwalimu anayesahihisha hesabu asiyotaka iwe sahihi. Siku ya Nne anaanza kufungua viatu.

"Uji wa mwanao," Mheshimiwa anasema hatimaye, "ulitia chumvi?"

"Hapana. Kliniki walikataza."

"Mimi je?"

Natazama daftari. Daftari linatazama pembeni.

"Siku tatu," Mheshimiwa anasema, na sasa sauti yake ni ya mtu aliyeonewa. "Siku tatu mnaniletea chumvi, halafu mnasema mimi nimezoea vibaya."

"Kesho nitaacha."

"Kesho nitakula."

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Simu ilikuwa inaita chini ya mto. Bwana Chirangi, na sasa sauti ilimtoka vizuri kabisa.

"Mama Nyangeta. Unakuja na furu?"

"Shikamoo, Bwana Chirangi. Nakuja na chakula. Furu anabaki nyumbani."

"Unanijibu hivyo mimi?"

"Nakujibu vizuri. Nikifika utaona."

Nilikata simu kabla hajaongeza neno, maana nilikuwa nimesema kabla ya kuwa na chochote cha kuonyesha. Upande wa pili wa pazia Nyangeta alikuwa ameshainama juu ya ndoo, anatoa shikamoo yake. Nikafungua kilemba nichane nywele.

Kitu kikadondoka mkekani. Kijiti cha mishikaki, kile kile nilichokiacha kazini juu ya mfuniko wa tangi. Kilikuwa kimelowa. Ncha yake haikuwepo, na pale ilipokatika palikuwa na alama za meno madogo, mengi, kama msasa.

Nikakinusa. Kisha nikaenda jikoni, nikachukua dagaa na yai na unga, na kopo la chumvi nikalipandisha juu ya kabati.