Jumatatu za Bei Rahisi

Msichana wa mapokezi wa klabu ya gofu aligeuza kioo cha kompyuta ili mgeni ajisomee mwenyewe, na Blaise, ambaye asubuhi ile alikuwa amevaa kofia nyeupe na suruali iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, alidhani anaonyeshwa namba ya simu.

"Hii ndiyo bei?" aliuliza.

"Ya mtu mmoja, bwana. Lakini ni kuanzia kesho. Leo Jumatatu uwanja umefungwa kwa wageni."

Blaise alicheka. Aliona mtoto wa watu amekosea, na si uungwana kumwaibisha mtu kazini kwake. Nyuma yake alisimama Honoré, mzee wa kanisa lao na rafiki yake tangu Lubumbashi, aliyekuwa akichungulia kile kioo juu ya bega la mwenzake.

"One thousand two hundred rand," Honoré alisoma polepole. "Ndugu Blaise, wewe ulisema iko bei ya kuku."

Ni kweli alisema. Kwa zaidi ya miaka kumi Blaise alikuwa hasemi jambo jingine. Palipokuwa na Wakongo wawili Durban na kiti cha tatu kikawa wazi, msibani, harusini, au kwa kinyozi, Blaise aliketi na kuwasimulia jinsi alivyocheza gofu kwenye viwanja vinavyoonyeshwa kwenye televisheni, enzi ambazo viwanja hivyo vilikuwa vya watu na si vya pesa. Kulikuwa na huu wa kando ya bahari, ambao tumbili wake walikuwa wakiiba mipira na kukimbilia nayo vichakani. Kulikuwa na ule wa ng'ambo ya mto, uliopakana na miwa, na mwingine wa kule Bluff, ambako mtu akiinua kichwa baada ya kupiga huona meli zikingoja zamu ya kuingia bandarini. Makedi, yaani wabeba mikoba, wa viwanja hivyo vitatu walikuwa wakialikana, na yeye akaingia kote huko. Alikumbuka harufu ya nyasi baada ya mvua, na ule mlio mkavu wa fimbo ikigusa mpira sawasawa. Alimkumbuka mkewe Félicité akimfuata na mkoba, na wakifika shimo la tisa anatoa mayai ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye kitambaa. Siku za Jumatatu, alikuwa akisema, tajiri na maskini walicheza pamoja, vijana wenye viatu vilivyotoboka wakimwamkia mkewe kwa jina. Hiyo ndiyo iliyokuwa Afrika Kusini mpya, kabla haijauzwa.

Asubuhi hii alimleta Honoré aonje. Lakini ukweli usemwe, hakumleta kwa ajili ya gofu peke yake. Jumapili iliyopita ujumbe kutoka familia moja ya Burundi ulikuja nyumbani kumposa Carmel, binti yake wa pekee. Maneno yalikwenda vizuri mpaka alipouliza kazi ya kijana. Fabien, walimjibu, ni kedi: anawabebea wachezaji wa gofu mikoba ya fimbo. Blaise aliwaambia warudi Jumamosi kupata jibu, na walipofunga mlango tu alisema jibu lake kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani. Hakumsomesha binti yake uhasibu ili aolewe na mbeba mizigo. Carmel aliingia chumbani. Félicité alibaki jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo, na aliitwanga kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Honoré ndiye angekuwa msemaji wa familia Jumamosi, na Blaise alitaka kumlainisha mapema kwa matembezi mazuri na hewa ya bahari.

"Dada yangu," Blaise alimwambia yule msichana, "mimi nimecheza hapa Jumatatu kwa miaka minne. Nilikuwa naingia kwa mlango wa kule nyuma. Tulilipa kidogo sana."

"Jumatatu haijawahi kuwa siku ya wageni, bwana. Ni siku ya makedi." Alimtazama usoni, akaona mzee hadanganyi, akamhurumia. "Ngoja nimwite msimamizi wao. Yeye yuko hapa tangu zamani."

Msimamizi alikuja akifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, jina lake Deusdedit, mwenye mvi kichwani na tumbo la mtu aliyeacha kubeba siku nyingi. Alimtazama Blaise, akainamisha kichwa kidogo, kisha uso wote ukafunguka.

"Wewe si yule bwana wa Félicité?"

"Félicité ni mke wangu," Blaise alisema.

"Ndivyo nisemavyo. Hajambo? Yule mama, jamani! Mwanamke wa kwanza kubeba hapa. Wiki ya kwanza tulimcheka, wiki ya pili tukanyamaza. Wateja walikuwa wanamgombea."

"Kubeba nini?" Honoré aliuliza, kwa sababu Blaise hakuuliza.

"Mikoba, mzee wangu. Ya fimbo. Jumanne mpaka Jumapili, raundi mbili kwa siku wageni wakiwa wengi." Deusdedit alimgeukia tena Blaise, furaha imemjaa. "Na Jumatatu anakuleta wewe. Sheria ni ileile mpaka leo. Jumatatu kedi anacheza bure. Asipocheza, nafasi yake anaweza kumpa mtu mmoja wa nyumbani kwake. Mtu mmoja tu. Yeye akakupa wewe."

Blaise alishika ukingo wa meza ya mapokezi, akahisi ubaridi wake, akashangaa kwamba meza bado ipo. Miaka ile yote mkewe alikuwa akimwambia kwamba anasuka nywele katika saluni ya Marie-Jeanne, kule mjini. Saluni ile aliijua. Mara nyingi alipita mbele yake, akaona pazia la mlangoni, akaendelea na safari yake, maana mwanamume aliyelelewa Lubumbashi haingii saluni ya wanawake kumwulizia mkewe. Heshima hiyo ndiyo iliyomfunga macho. Angefunua pazia lile siku moja tu, angekuta mkewe hayupo.

"Alikuwa ananiambia ameshalipa," alisema. Hakujua anamwambia nani.

"Basi hakukudanganya," alisema Deusdedit.

Honoré ndiye aliyeendesha gari kurudi. Walipofika kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, akasimama, mkono mmoja kwenye usukani, akakohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Jumamosi nitawaambia nini wale watu?"

"Sijui," Blaise alisema.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Blaise aliutumia msemo huo mara nyingi kuwasifia watu wengine. Sasa alikuwa akijiuliza jinsi alivyoelea yeye mwenyewe miaka minne bila hata mara moja kutazama chini. Alifika Durban akiwa mhandisi wa migodi mwenye vyeti vinne, na mji ukampa jaketi la kung'aa na kazi ya kulinda magari kwenye maegesho ya duka kubwa, kwa sarafu alizorushiwa na madereva. Kule Lubumbashi alikuwa akicheza gofu kwenye klabu ya kampuni. Huku alikuwa mtu wa kupungia magari yanayorudi nyuma. Hakusahau jinsi gofu ilivyomfufua. Ila hakuwahi kuuliza nani alimfufua, alidhani ni Mungu na bei rahisi.

Félicité alikuwa kwenye baraza nyembamba ya ghorofa yao, akianua nguo. Alimwona mumewe anarudi mapema, akaiona na kofia nyeupe mkononi badala ya kichwani.

"Haukucheza?"

"Deusdedit anakusalimia," Blaise alisema.

Mikono ya Félicité ilisimama kwenye kamba. Kisha akaendelea kutoa vibanio, kimoja kimoja, akivitia katika mfuko wa kitenge.

"Amezeeka?"

"Mama Carmel. Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungekatala."

"Ningekatala kabisa. Mke wangu kubeba mizigo ya wanaume?"

"Voilà." Alikunja shuka kwa utulivu uliomtisha Blaise kuliko kelele. "Wewe ulikuwa unatoka kwa yale magari, unalala, unaangalia ukuta. Carmel alikuwa na miaka tisa. Siku moja aliniuliza, mama, papa amekufa? Niliona ule uwanja siku moja nikipita, nikakumbuka namna ulikuwa unacheka kule kwetu ukishika fimbo. Nikaenda kuuliza kazi. Ilikuwa ni ile tu."

Blaise aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alikumbuka bega la kushoto la mkewe. Kila majira ya baridi linamuuma, na kila majira ya baridi yeye mwenyewe hulipaka dawa, akiwalaumu watu wa Likasi, alikokulia mkewe, kwa kumtwisha binti mdogo ndoo za maji. Félicité alikuwa akinyamaza na kuacha Likasi ibebe lawama. Na Jumatatu, siku pekee ambayo bega lile lingepumzika, alilitwisha mkoba wa mumewe.

"Ulikuwa unanibebea na mimi," alisema. "Na siku ya kupumzika."

"Wewe ulikuwa mwepesi. Fimbo tano tu."

Alitania, lakini hakumtazama. Blaise alihisi kuna jambo jingine limebaki nyuma ya nguo zile, na moyo ukamwambia aliache lilale. Safari hii hakuutii.

"Deusdedit anasema kedi asipocheza ndiyo anampa mtu nafasi. Wewe haukuwa unajua kucheza. Si ndiyo?"

Chini barabarani taxi ilipiga honi, kondakta akaita abiria wa Chatsworth, na sauti yake ikapotea.

"Jumatatu za kwanza nilicheza," alisema Félicité. "Kabla sijakuleta. Wale vijana walinifundisha. Deusdedit alisema mkono wangu iko muzuri." Aliutazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nilipenda, Papa Carmel. Nilipenda sana. Usiku nikilala, naona tu ule mpira unapanda."

Suala la bei Blaise alikuwa ameshalimeza, na hata habari za mkoba alikuwa amezimeza kwa shida. Hili lilikwama. Miaka minne alipiga mpira, akageuka, akamwambia mkewe, umeona huo? Naye akajibu, nimeona. Hakuna siku aliyomnyooshea fimbo na kumwambia, jaribu wewe.

"Na juu ya nini uliacha?" sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nilipopata kazi Mobeni, Jumatatu sikuwa na nafasi tena. Ungerudia kucheza wewe."

"Uliniambia sasa tunapata, niache saluni, nipumzike." Alibeba rundo la nguo, akaingia ndani. "Nikapumzika."

Jumamosi wageni walikuja na kreti za soda na bia, kama inavyowapasa Warundi wanaojiheshimu. Fabien aliketi kwenye ncha ya kiti, mabega yake mapana yakiwa hayana pa kuwekwa. Mjomba wake, Pierre-Claver, aliongea kwa mapana na marefu kuhusu ng'ombe ambao hakuna aliyewaona, kama desturi inavyotaka. Alipomaliza, macho yote yalimwendea Honoré.

Honoré alisimama. Alimtupia Blaise jicho la mwisho, kuona kama mwenzake hajabadili mawazo.

"Baba wa binti amenituma neno moja," alisema. "Jibu liko kwa mama yake."

Minong'ono ilizuka. Siku kama hiyo mama huwa jikoni na husikiliza kwa kupitia mlango. Pierre-Claver alimtazama Blaise akidhani ni mzaha wa Kikongo. Blaise alitazama zulia. Félicité alitoka jikoni akifuta mikono, na kwa mshangao uliomkaa usoni ilionekana kwamba hakuambiwa. Hakuketi.

"Fabien," alisema. "Siku ya Jumatatu, wewe unafanyaka nini?"

"Ninacheza, Mama."

"Nafasi yako haujawahi kumupa mtu?"

Kijana alimtazama Carmel, kisha mjomba wake. Alijua wazi mtoto mwenye adabu angejibu nini: kwamba humpa mama yake mzazi, au kaka yake, au mgonjwa wa parokia. Kila mtu sebuleni alikuwa akilingoja jibu hilo, na Pierre-Claver alikuwa tayari ameanza kutikisa kichwa kulikubali.

"Hapana, Mama," alisema Fabien. "Ninacheza mwenyewe. Ninapenda sana."

Pierre-Claver alifumba macho.

"Vizuri," alisema Félicité. "Usimupe mtu. Hata baba mkwe wako akikuomba."

Ilichukua muda mfupi kabla ya watu kuelewa kwamba neno baba mkwe limeshatamkwa, na lililotamkwa na mama halirudi jikoni. Kisha shangwe ikalipuka, wanawake wakapiga vigelegele, Honoré akapiga makofi, na watu wakaanza kumcheka Blaise na gofu yake, wakimwambia leo amepatikana, hadithi zake zimemponza. Chupa zilifunguliwa. Carmel alilia huku anacheka.

Blaise naye alicheka, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama. Kisha alimgeukia mkewe, aone kama alikuwa anatania. Félicité hakuwa anacheka.